Maji Yakijaa Hupwa: Mvuvi wa Ufukweni na Mgeni wa Likizo katika Historia ya Pwani

Neno pwani limetokana na kitenzi kupwa, pamoja na kiambishi -ni kionyeshacho mahali. Kwa asili yake, basi, pwani si nchi kavu iliyo kando ya bahari, bali ni mahali ambapo maji hupungua na kuacha wazi mchanga, miamba na majani ya bahari. Msomaji aliyekulia Uvira au Kalemie, ambako maji ya Ziwa Tanganyika hayajai wala hayapwi kila siku, aweza kulitumia neno hilo bila kuuhisi mwendo uliomo ndani yake. Hata hivyo, pasipo mwendo huo haieleweki historia ya mvuvi asiye na chombo, yaani yule avuaye akiwa amesimama ufukweni au akitembea juu ya mwamba. Wala halieleweki badiliko lililotokea mgeni wa likizo alipokuja kusimama mahali palepale.

Uvuvi huo ni wa kale sana. Periplus, kitabu kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 baada ya Kristo, chasimulia kwamba wakazi wa kisiwa kilichoitwa Menouthias walinasa samaki kwa vikapu vilivyosukwa, wakivitega katika mianya ya maji baina ya miamba. Aliyepata kuona dema au uzio hatashangazwa na habari hiyo. Akiolojia nayo yaelekea hukohuko. Huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, mifupa iliyofukuliwa katika tabaka za mwanzo ni hasa ya samaki wa miamba na wa maji ya kina kifupi. Samaki wa bahari kuu, kama vile papa, huongezeka katika tabaka za baadaye. Pwani ilitangulia, kilindi kikafuata.

Uvuvi wa ufukweni ulikuwa na elimu yake, na kalenda yake ilikuwa mwezi. Wakati wa bamvua, mwezi uandamapo na unapokuwa mpevu, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa huko Mombasa na Unguja huweza kukaribia mita 4. Siku hizo maji hupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi, na mwamba hubaki wazi. Hapo ndipo wanawake huteremka na vijiti kumtafuta pweza katika mashimo yake, huku wengine wakiokota chaza na kome, na watoto wakitupa mishipi ukingoni mwa mwamba. Wakati wa maji mafu kazi hiyo hupungua. Methali isemayo kwamba mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo haikutungwa kwa kupamba maneno. Yataja ujuzi uliopatikana kwa miguu. Tena ujuzi huo ulikuwa akiba ya maskini, kwani kusi ivumapo kwa nguvu na vyombo vidogo kushindwa kutoka, pwani iliendelea kuilisha nyumba.

Katika karne ya 20 pwani hiyo ilipata maana ya pili. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na tangu hapo walowezi wa nyanda za juu waliweza kuteremka kupumzika baharini. Mwaka 1934 mwandishi Ernest Hemingway alivua samaki wa kilindi huko Malindi, mji ambao baadaye ulivuma kwa mchezo huo. Wageni wengine walibaki mchangani, wakirusha ndoana kwa ufito wenye gurudumu la kuviringia mshipi. Kwa nje, mgeni huyo na mwenyeji walifanya kazi moja: wote wawili walingoja maji. Lakini mmoja alihesabu uzito wa samaki mmoja wa kusimuliwa, na mwingine alihesabu mlo wa jioni.

Tofauti hiyo iliingia katika sheria. Mwaka 1968 Kenya ilianzisha hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, na mwaka 1986 ile ya Mombasa. Ndani ya mipaka ya hifadhi uvuvi wote ulikatazwa. Katika maeneo ya akiba yaliyopakana nayo, njia za jadi ziliruhusiwa. Ni haki kukiri kwamba katazo hilo lilikuwa na faida: uchunguzi uliofanywa kando ya hifadhi ya Mombasa ulionyesha kwamba samaki waliozaana ndani walivuka mpaka na kuingia katika mitego ya majirani. Lakini gharama haikugawanywa sawasawa. Mgeni alipoteza burudani moja akapata nyingine, ya kutazama matumbawe. Mwenyeji alipoteza mwamba alioujua. Wakati huohuo hoteli ziliongezeka, na njia za miguu ziendazo baharini zikapita baina ya kuta, nyingine zikafungwa.

Lililo hatarini hapa si kitoweo pekee. Bamvua, maji mafu, uzio na dema ni maneno yaliyohifadhiwa na watu waendao pwani kila mwezi, wala si na kamusi. Atakayezuiwa njia ya kwenda mwambani hatakuwa na sababu ya kumfundisha mtoto wake majina ya maji. Wahenga walisema kwamba maji yakijaa hupwa, wakiwafariji waliofikwa na shida. Kwa mvuvi wa ufukweni methali hiyo ilikuwa pia ratiba ya kazi, na ratiba haina faida kwa mtu asiye na mahali pa kuifuata. Kwa hiyo yafaa wanaopanga matumizi ya fukwe waisikilize lugha yenyewe: pwani ni ya yule afuataye maji yanapopwa, na mgeni anakaribishwa kusimama kando yake.