Mtande na Mshindio

Nguo ya kufumwa kwa mkono katika mwambao wetu haikuwahi kujitenga na soko. Humo ndimo ilimokulia. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alizikuta nguo zisizo na mfano, zikipelekwa hadi Misri. Mwanzoni mwa karne ya 16, Duarte Barbosa aliandika habari za wafumi wa Sofala. Walifuma pamba nyeupe, na kwa kukosa rangi walizifumua nguo za buluu zilizotoka Cambay, wakazifuma upya nyuzi zake pamoja na nyeupe zao, wakajipatia dhahabu. Pate nayo ilisifika kwa hariri, hata Wareno wakaiendea kununua.

Mfumi wa Sofala hakuona haya kuazima uzi wa mgeni, kwani ugeni wake ulikoma mikononi mwake.

Methali yasema kizuri chajiuza. Katika karne ya 19 kilichojiuza ni kilichokuwa rahisi. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said, merikani ya viwandani ilimiminika Unguja, na mkono haukuweza kushindana na mashine.

Sera zilikuja baadaye, zikaanza na mawe. Kilwa Kisiwani iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 ukautambua urithi usioshikika; Kenya ikauridhia mwaka 2007, Tanzania mwaka 2011.

Wakati huohuo, mwaka 2006, kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili jina la kikoi liwe alama yake ya biashara. Ilipingwa, na mwaka 2008 ombi likaanguka. Tulishangilia, na ilistahiki. Lakini tulichookoa ni jina, na jina halifumi.

Mimi nifasiriye habari hizi huyahitaji maneno mawili: mtande, nyuzi zinazotandwa kwanza, na mshindio, uzi unaopitishwa kati yake. Kamusi zimeyahifadhi. Vijana ninaowauliza hawayajui, kwa kuwa hawajaiona kazi yenyewe.

Sera yaweza kuutanda mtande: sheria, mafunzo, heshima. Mshindio ni mnunuzi anayelipa thamani ya siku nzima ya kazi, na mwanafunzi mwenye hakika kwamba kazi hiyo itamlisha. Pasipo hao wawili, tutakuwa tumezitanda nyuzi tu, nguo hatuna.