Vioo vya Frank Hurley: Picha Zilizookolewa Barafuni

Miongoni mwa picha zote zilizopata kupigwa kwa weusi na weupe, kuonyesha insi na hayawani katika theluji ya kipupwe, sijui zilizo bora kuliko zile za Frank Hurley, mzalia wa Sydney, aliyefuatana na Ernest Shackleton katika safari ya Antaktika iliyoanza mwaka 1914. Merikebu yao, Endurance, ilinaswa na barafu ya Bahari ya Weddell mwezi wa Januari 1915, na watu 28 pamoja na mbwa wao wa kukokota mizigo wakabaki humo miezi tisa, hata barafu ilipozivunja mbavu zake, wakaamriwa kuihama.

Yafaa msomaji afahamu kwanza ugumu wa kazi yenyewe. Theluji hurudisha nuru kwa wingi mno, na mpiga picha akikadiria nuru kwa ajili ya weupe ule, mbwa mwenye manyoya meusi hugeuka doa tupu lisilo macho wala pua; akikadiria kwa ajili ya mbwa, theluji nayo hupoteza mawimbi yake yote na nyayo zote zilizopita juu yake. Usiku ulipokuwa hauna nuru kabisa, Hurley alitumia unga wa kumulika, na tarehe 27 Agosti 1915 aliwasha mimuliko 20 kuizunguka merikebu, akaipiga picha katika kiza ikiwa imevaa sakitu kutoka omo mpaka tezi, kama bibi harusi aliyeachwa peke yake jangwani.

Hata hivyo, mimi huzipenda zaidi picha za mbwa. Hurley aliwapiga picha mmoja mmoja, uso kwa uso, kama wapiga picha wa mijini walivyowapiga waungwana: yuko Lupoid, masikio yamesimama, yuko pia baharia Tom Crean, amewapakata watoto wa mbwa kwa mikono yake mipana, naye mwenyewe hana haya ya kuonekana na huruma.

Merikebu ilipoanza kuzama, vioo vilivyobeba picha hizo, maana katika zama zile picha zilinaswa juu ya vioo vilivyopakwa dawa, vilikuwa ndani ya makasha ya bati yaliyolehemiwa, chini ya maji yaliyojaa barafu. Hurley alivunja ukuta wa mbao, akavua nguo za juu, akajitosa, akayatoa. Lakini safari iliyobaki ilikuwa ya mashua ndogo, na kila ratili ya mzigo ilihesabiwa. Basi yeye na Shackleton wakaketi juu ya barafu, wakavitazama vioo kimoja baada ya kimoja. Kilichokubaliwa kikawekwa kando, kilichokataliwa kikavunjwa papo hapo, ili kesho moyo usije ukamrudisha nyuma kukitafuta. Vilisalia yapata 120. Yapata 400 vikavunjwa. Kamera zake kubwa aliziacha, akabaki na moja ndogo ya mfukoni na filamu tatu.

Mbwa hawakuokolewa. Chakula kilipopungua walipigwa risasi kwa zamu, na wa mwisho waliliwa na wale wale waliowalea. Kwa hiyo picha zao ni haki pekee waliyopata kwa jasho lao.

Mashua zilipowafikisha katika kisiwa cha Elephant, watu 22 walibaki huko, Shackleton na wenzake watano wakaenda kutafuta msaada kwa mashua, na tarehe 30 Agosti 1916 wote waliongojea waliokolewa wakiwa hai. Hapo lakini Hurley alitenda jambo ambalo siwezi kulinyamazia: picha ya mashua ile ikiondoka kisiwani mwezi wa Aprili aliibadilisha kwa mkono wake, ikatangazwa kuwa ni picha ya siku ya kuokolewa. Hakukuwa na haja. Mtu aliyejitosa katika maji ya barafu kwa ajili ya ukweli wa vioo vyake hakuhitaji kuupamba ukweli huo kwa uongo, na wapiga picha wa leo, wanaoweza kubadili picha kwa kugusa kidole, wayatazame yote mawili aliyoyafanya bwana huyu.

Vioo vilivyonusurika vimehifadhiwa hadi sasa, baadhi yake London katika Royal Geographical Society, na vingine Sydney katika maktaba ya jimbo la New South Wales.