Kupiga Picha za Watu Usiowajua Kwenye Tamasha: Kutoka Lamu Hadi Ndhiwa

Mtu wa pwani anajua vizuri kupigwa picha na mgeni. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na tangu siku hizo tamasha lake la utamaduni, lenye mbio za punda, mashindano ya majahazi na mchezo wa bao, limevuta kamera za kila aina. Wazee wa bao wamezoea kuona lenzi imechomozwa juu ya kete kabla ya salamu. Wanawake wengi hugeuza uso au huvuta buibui, na mpiga picha huondoka na picha ya mgongo, akaenda kuiandikia kwamba Lamu ni mji wa siri. Siri gani? Hakuuliza tu.

Sasa tugeuze kamera. Simu imempa kila mmoja wetu nafasi ya kuwa yule mgeni, na wapwani wengi siku hizi wanasafiri bara kwa kazi, harusi na matamasha. Chukua Ndhiwa, katika kaunti ya Homa Bay, upande wa mpaka na Migori, safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa. Ni nchi ya Wajaluo na mashamba ya miwa. Katika kaunti hiyohiyo kuna kisiwa cha Rusinga, ambako tamasha la utamaduni wa Waabasuba hufanyika mwezi wa Disemba. Kwenye sherehe za huko utakuta nyatiti yenye nyuzi nane, orutu yenye uzi mmoja, ngoma za ohangla, na wazee waliovaa manyoya kichwani. Mkono utakuwasha. Hapo ndipo ukumbuke yule mgeni wa Lamu.

Anza na salamu. "Amosi" ni "nakusalimu" kwa Kijaluo, na mzee mwanamume huitwa "jaduong'". Ukimaliza sema "erokamano", yaani asante. Baada ya hapo Kiswahili kitatosha kwa wengi. Sema jina lako, umetoka wapi, na picha itakwenda wapi: kwenye simu yako tu, kwenye ukurasa wako wa mtandaoni, au kwa mtu atakayeilipia. Hayo ni mambo matatu tofauti, na anayekubali la kwanza hajakubali la tatu. Akikataa, shukuru uondoke. Usijifiche nyuma ya mwembe ukampiga kwa mbali. Wachezaji walio jukwaani ni jambo jingine, kwa maana wamejitokeza watazamwe. Lakini mchezaji aliyetoka jukwaani na kukaa chini kunywa maji ameshakuwa mtu wa kuombwa tena.

Watu hubishana sana kuhusu pesa. Maoni yangu ni kwamba si aibu kutoa wala kuombwa. Aibu ni kuanza kupatana baada ya picha kupigwa. Kikundi cha ngoma huwa na kiongozi wake, zungumza naye mapema.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa taarifa zake binafsi, na kwa mtoto inadai ridhaa ya mzazi au mlezi. Picha ya matumizi ya nyumbani haiguswi sana, na uandishi wa habari na sanaa vimepewa nafasi yake kwa masharti. Biashara ndiyo inayowaponza watu. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza sehemu moja ya starehe Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi zilizotumiwa bila idhini ya wazazi. Hakimiliki ya picha kwa kawaida ni yako wewe uliyeipiga, lakini hakimiliki haikupi uso wa mtu.

Upande wa ufundi hauna mengi. Jua la saa sita hutia kivuli kizito machoni, na manyoya ya kichwani huzidisha. Mwombe mzee asogee kwenye kivuli cha mti au kibaraza, uso wake ukielekea kwenye mwanga, na nyuma yake pasiwe na ukuta mweupe wala mbingu tupu, kwani kamera itapima weupe ule na kumfanya mtu mweusi awe kivuli. Kwenye simu, gusa uso kwenye kioo kisha ongeza mwanga kidogo. Usisogee hadi puani mwake. Simama hatua mbili tatu, utumie lenzi ya 50 au 85 kama unayo.

Maelezo ya chini ya picha yanaharibu kazi nyingi nzuri. Manyoya yale ni mavazi ya sherehe. Pengine jana mzee yule alikuwa shambani na shati na kofia ya kawaida. Ukiandika "maisha ya kila siku ya Wajaluo" umefanya yaleyale tunayofanyiwa sisi na vikoi na mabuibui. Andika alivyokuambia: jina, kama amekuruhusu kulitaja, kijiji chake, na jina la kikundi.

Zamani pwani yetu ilikuwa na taratibu yake. N. V. Parekh wa Mombasa alikuwa na studio ambako watu walikwenda na nguo zao bora. Omar Said Bakor wa Lamu alipiga picha mitaani kabla ya kufungua studio yake. Mteja wa studio alichagua akae vipi, akalipa, na picha ikaenda nyumbani kwake kutiwa ukutani au kwenye albamu. Kwa picha ya tamasha mambo yamepinduka: aliyepigwa haondoki na kitu, na sura yake inasafiri asikojua.

Kwa hiyo kabla hujaondoka Ndhiwa, chukua namba ya simu. Mwenye WhatsApp mtumie siku hiyohiyo, maana ukifika Mombasa utasahau. Asiye na simu ya kupokea picha, muulize duka analojulikana, kisha safisha picha kwenye studio ya Homa Bay au hata ya huku kwetu, uandike nyuma jina lake na tarehe, uitie kwenye bahasha na kuituma kwa basi.