Waya wa Baharini na Safari Ndefu ya Kufika Bara

Pengo la kidijitali, yaani tofauti iliyopo kati ya watu wanaoweza kutumia intaneti ya kasi kwa gharama wanayoimudu na wale wasioweza, huzungumzwa Afrika Mashariki kana kwamba lilizaliwa pamoja na kompyuta, ilhali mizizi yake imo katika historia ya waya: ulilipiwa na nani, ulitua wapi na uliwekwa kwa haja ya nani. Historia hiyo inaanzia mwaka 1879, kampuni ya Kiingereza ya Eastern and South African Telegraph ilipolaza mkongo chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, na kutoka hapo kuendelea Msumbiji, Delagoa Bay na Durban. Mkongo ni kamba nene inayobeba mawasiliano ndani yake. Ule wa karne ya 19 ulikuwa na waya wa shaba uliokingwa dhidi ya maji kwa gutapeka, ambayo ni utomvu mgumu wa miti ya Malaya, kisha ukazungushiwa nyuzi za chuma ili usikatwe na miamba.

Haja iliyouleta mkongo huo haikuwa ya Unguja. Januari 1879 jeshi la Waingereza lilishindwa na Wazulu huko Isandlwana, na habari hizo zilichukua takriban wiki tatu kufika London, kwa kuwa ilibidi zibebwe na meli hadi mahali palipokuwa na waya. Unguja ya Sultani Sayyid Barghash bin Said ilipata simu kwa sababu ilikuwa njiani, na jambo hilo la kuwa njiani, badala ya kuwa mwisho wa safari, linaeleza mengi yaliyofuata. Neno simu lenyewe, ambalo asili yake ni Kiajemi na maana yake ni waya, liliingia katika Kiswahili kabla ya chombo cha kuongelea kufika, na watu walisema kupiga simu kwa maana ya kupeleka ujumbe wa maandishi kwa waya.

Nguvu ya waya huo ilidhihirika vibaya Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25 na Khalid bin Barghash kuingia katika jumba la kifalme bila ridhaa ya Waingereza, mwakilishi wao Basil Cave aliuliza London kwa simu kama angeweza kuamuru manowari zilipige jumba hilo endapo njia za amani zingeshindikana, na idhini ikarudi kwa waya uleule kabla ya siku mbili kupita. Asubuhi ya tarehe 27 mizinga ilifyatuliwa, na kwa muda usiofika saa moja watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Amri iliyovuka bahari ilifika mapema kuliko vile ambavyo habari za Unguja zingeweza kufika Tabora, mji ambao kwa miongo mingi ulikuwa umeunganishwa na kisiwa hicho kwa biashara, kwa ukoo na kwa dini. Hapo ndipo panapopaswa kutazamwa na yeyote anayetafuta chanzo cha pengo la leo.

Bara haikuwa ngeni kwa waya. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilibeba masango, yaani waya nene za shaba, pamoja na vitambaa vya merikani na ushanga, na huko bara masango yaligeuzwa bangili na vikuku. Reli ya Uganda ilipojengwa kuanzia mwaka 1896 kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, nguzo za simu zilisimikwa kando yake, na Wanandi, waliopinga kuvamiwa kwa nchi yao hadi kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa mwaka 1905, walizikata nyaya hizo na kuzifanya mapambo. Maofisa wa kikoloni waliliita tendo hilo wizi. Ni haki zaidi kusema kwamba waya uliopita juu ya vichwa vya watu bila kubeba neno lao hata moja ulikuwa na thamani kwao kama shaba tu, na kwamba kuukata kulikuwa sehemu ya vita.

Mfumo uliofuata ulirithi mistari hiyohiyo. Huduma za posta na simu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa mwaka 1933, na shirika la pamoja lililotokana nazo lilidumu hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, lakini muda wote huo simu ilifuata reli, bandari, miji ya utawala na mashamba ya walowezi. Kituo cha setilaiti kilichofunguliwa Longonot, katika Bonde la Ufa, mwaka 1970, kiliruhusu mawasiliano ya nje kupita angani, ila kwa gharama kubwa. Na intaneti ilipoingia katikati ya miaka ya 1990 ilitegemea anga hiyohiyo, kiasi kwamba megabiti moja kwa sekunde, kipimo cha wingi wa data unaopita katika sekunde moja, iligharimu maelfu ya dola kwa mwezi. Pwani ya magharibi ya Afrika ilikuwa na mkongo wa faiba, yaani nyuzi laini za kioo zinazosafirisha mwanga badala ya umeme, tangu mwaka 2002. Pwani ya Waswahili ilisubiri.

Kusubiri huko hakukusababishwa na uhaba wa fedha peke yake. Mradi wa EASSy, uliokusudiwa kuunganisha nchi nyingi kwa pamoja, ulikwama katika mabishano juu ya nani aumiliki mkongo na kama kila mtoa huduma aruhusiwe kuutumia kwa bei moja, nayo Kenya, kwa kuchoshwa na mabishano hayo, ikajenga wa kwake uitwao TEAMS kutoka Fujairah katika Falme za Kiarabu. Mkongo huo ulitua Mombasa Juni 2009. Ule wa kampuni ya SEACOM ukaanza kazi tarehe 23 Julai mwaka huohuo, baada ya kucheleweshwa na maharamia wa Somalia, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Miaka 130 ilikuwa imepita tangu mkongo wa 1879, na mikongo mipya ilitua katika pwani ileile, ikifuata bahari ileile.

Tofauti ya kweli ilikuwa katika kazi iliyofanyika nchi kavu. Tanzania ilijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano hadi mipaka ya Rwanda, Burundi, Uganda, Zambia na Malawi, na hivyo nchi zisizo na bahari zikapata njia ya kuifikia, huku Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ukiundwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kugharimia minara katika maeneo ambayo kampuni ziliona hayana faida. Hatua hizo zinastahili sifa zaidi kuliko sherehe zote za ufukweni, kwa kuwa zilikuwa za kwanza kuuchora waya kwa kuuliza mwananchi wa bara yuko wapi. Hata hivyo faiba inayofika makao makuu ya wilaya haijafika kila zahanati wala kila shule ya kata, na familia inayonunua bando la siku moja kwa fedha ya mboga bado iko upande wa pili wa pengo. Kwa takwimu za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano za mwaka 2024, asilimia 57 ya wakazi wa mijini barani Afrika walitumia intaneti. Vijijini walikuwa asilimia 23.