Shahada Iliyoletwa na Posta

Huenda mmesikia kwamba huko Marekani mtu aweza kupata shahada ya kwanza katika elimu ya chakula pasipo kuondoka nyumbani kwake. Wengine hucheka wakisema: shahada gani hiyo iletwayo na posta? Lakini jambo lenyewe si la jana.

Mwaka 1840 Waingereza walianza kutuma barua kwa tembre ya peni moja, na Isaac Pitman akafundisha hati mkato kwa njia hiyo. Mwanafunzi alinakili aya za Biblia kwa hati hiyo, akazituma kwa mwalimu, naye akazisahihisha na kumrudishia. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake hata kwa watu wasiosoma katika koleji yo yote. (Wanawake walingoja shahada mpaka 1878.) Hakikuuliza mtu amejifunzia wapi wala kwa nani. Kilimwita kwenye mtihani, kikampima. Mwenye kufundisha alikuwa mmoja, mwenye kupima mwingine. Ndiyo sababu watu waliisadiki shahada ile.

Sasa tuje kwenye chakula. Neno holistiki lilitoka kwa Jan Smuts wa Afrika ya Kusini, katika kitabu chake cha 1926; shina lake ni la Kigiriki, maana yake ni «zima». Wafundishao chakula kwa namna hii husema: usitazame tumbo tu, mtazame mtu mzima, usingizi wake, kazi yake, huzuni yake. Si maneno mabaya. Mama zetu walijua zamani kwamba mtoto mwenye huzuni hali.

Mwaka 1980, katika mji wa Birmingham, jimbo la Alabama, kilianzishwa chuo kilichoitwa baadaye Clayton College of Natural Health. Masomo yalipelekwa nyumbani kwa wanafunzi, nacho kilitoa shahada za elimu hiyo, toka ya kwanza hata ya udaktari. Kilisema kina kibali. Kumbe vyama vilivyotoa kibali hicho havikutambuliwa na Wizara ya Elimu ya Marekani! Hapa mwenye kufundisha, mwenye kupima na mwenye kupokea ada walikuwa mmoja. Mwaka 2010 chuo kikafungwa, na waliokuwa katikati ya masomo wakaachwa njiani. Mimi siwacheki. Asomaye usiku baada ya kazi, kwa fedha yake mwenyewe, si mvivu.

Umbali haukuwa kosa. Leo vyuo vikuu vyenye kibali cha kweli hufundisha elimu ya chakula kwa intaneti. Lakini tangu tarehe 1 Januari 2024, atakaye kuandikishwa huko Marekani kuwa mtaalamu wa chakula sharti awe na shahada ya pili ndipo afanye mtihani wa usajili. Tena sharti awe amefanya mazoezi ya kazi chini ya macho ya wataalamu, na kwa mazoezi hayo hutoka nyumbani, akaenda hospitalini.