Ganda la Chungwa na Santuri Ndogo: Fast Product ya Edinburgh na Wakusanyaji Wake

Katika orodha ya bidhaa za Fast Product, kampuni ndogo ya santuri iliyoanzishwa mjini Edinburgh, Uskoti, mwishoni mwa mwaka 1977, bidhaa nambari ya tatu si santuri. Ni mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko huo mlitiwa karatasi zilizopigwa fotokopi, picha na maneno yaliyokatwa huku na huku na kubandikwa upya, na kipande cha ganda la chungwa. Jina lake ni The Quality of Life, nao ulipewa nambari FAST 3, sawasawa na santuri zilizoutangulia na zilizoufuata. Mtu anayekusanya santuri za kampuni hii, na ambaye ameazimia kuwa nazo zote pasipo kuruka hata nambari moja, hana budi kuutafuta mfuko huo pia. Akiupata atakuta nini? Ganda lililotiwa mfukoni mwaka 1978 haliwezi kuwa ganda la chungwa leo.

Swali tunalokusudia kulichunguza katika makala haya ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu: mkusanyaji wa santuri za namna hii hukusanya kitu gani hasa? Huenda msomaji wa jarida la lugha akauliza pia, santuri za vijana wa Uingereza zatuhusu nini? Zatuhusu kwa sababu sehemu kubwa ya upekee wake haimo katika sauti peke yake, bali imo katika maandishi: hesabu, barua, orodha na mabishano yaliyochapwa juu ya majalada yake. Anayezikusanya, ajue asijue, anakusanya matini. Na matini ina masharti yake ya kuhifadhiwa, ambayo si yale ya sarafu wala ya stempu.

Santuri ndogo ya inchi saba, yenye kuzunguka mara 45 kwa dakika, si kitu kigeni kwa Mkenya. Katika miaka ya 1970 ndiyo iliyotawala biashara ya muziki katika River Road, Nairobi, ambako hata mfanyabiashara wa mtaji mdogo aliweza kuwa na nembo yake mwenyewe ya santuri. Kwetu udogo huo ulikuwa njia ya kutafuta riziki. Hakuna aliyeutungia falsafa. Huko Uingereza mambo yalikuwa mbali na hayo. Biashara ya santuri ilikuwa mikononi mwa makampuni makubwa machache, na kijana aliyetaka kurekodi wimbo alipaswa kungoja hadi aitwe. Muziki wa panki ulipozuka mwaka 1976 ulitukana kila kitu isipokuwa utaratibu huo. The Clash na Sex Pistols wenyewe walitia sahihi mikataba na makampuni hayo hayo.

Hatua ya kuvunja ungojaji ilichukuliwa Manchester. Bendi ya Buzzcocks ilikopa kiasi cha pauni 500 kwa jamaa na marafiki, ikarekodi nyimbo nne tarehe 28 Desemba 1976, na mwishoni mwa Januari 1977 ikatoa nakala 1,000 za santuri iitwayo Spiral Scratch chini ya nembo yao wenyewe, New Hormones. Nakala hizo zilikwisha upesi, nyingine zikafyatuliwa, na hatimaye zikauzwa zipatazo 16,000. Lakini lililo muhimu kwetu ni jalada. Juu yake palichapwa, kwa kila wimbo, uliimbwa mara ya ngapi ndipo ukakubaliwa, na ni sauti zipi zilizoongezwa juu yake baadaye. Siri za chumba cha kurekodi ziliwekwa wazi kwa yeyote mwenye pesa ya kununua santuri moja.

Bendi nyingine, The Desperate Bicycles ya London, ilikwenda mbali zaidi. Bendi hii iliundwa Machi 1977 kwa madhumuni ya kutoa santuri tu. Hawakuwa wanamuziki waliotafuta mchapishaji, walikuwa wachapishaji waliojifunza muziki kwa haraka. Santuri yao ya kwanza, Smokescreen, iligharimu pauni 153 kwa nakala 500. Nyimbo zake mbili zilirudiwa upande wa pili vilevile zilivyo, maana hivyo ndivyo ilivyokuwa rahisi zaidi kuifyatua. Mapato yake yakalipia santuri ya pili, na katika jalada la hiyo ya pili wakaeleza hesabu zote na kuwahimiza wasikilizaji waende wakafanye vivyo hivyo. Mwaka 1978 bendi ya Scritti Politti ikafuata mfano huo: jalada la Skank Bloc Bologna, lililopigwa fotokopi, liliorodhesha gharama ya kurekodi, ya kufyatua na ya vibandiko.

Msomaji wa tenzi zetu ataona hapa jambo analolifahamu. Mtunzi wa utenzi, kabla hajaingia katika kisa, huagiza wino na karatasi. Mwana Kupona binti Mshamu alifanya hivyo katika utenzi wake wa mwaka 1858 kabla ya kumpa binti yake wasia. Hatudai kwamba vijana wa London waliwahi kusikia habari za Pate. Twasema tu kwamba katika mapokeo yote mawili mtunzi haoni haya kutaja vifaa vya kazi yake ndani ya kazi yenyewe. Tofauti ni kwamba wino wa utenzi hutajwa kwa heshima, ilhali pauni 153 zilitajwa kwa uchokozi: kumwonyesha msikilizaji kwamba hana tena kisingizio.

Turudi Edinburgh. Bob Last, mwanzilishi wa Fast Product, alikuwa amesomea usanifu wa majengo, na kwa ushuhuda wake mwenyewe alikuwa na jina na nembo kabla ya kujua kampuni yake itauza nini. Kilichomwonyesha kwamba bidhaa yaweza kuwa santuri ni nakala ya Spiral Scratch aliyozawadiwa na Hilary Morrison, mwenziwe katika kuiendesha kampuni hiyo. Twalitaja hili kwa makusudi. Nakala moja ya santuri ndogo ilitoka Manchester, ikafika Uskoti mikononi mwa mtu aliyeisoma kama alivyoisikiliza, na matokeo yake yakawa kampuni nyingine. Hivyo ndivyo santuri hizi zilivyokusudiwa kufanya kazi.

FAST 1 ilitoka Januari 1978: Never Been in a Riot, ya The Mekons, wanafunzi wa Leeds ambao hawakujua vyema kupiga vyombo vyao na hawakulificha hilo. Wimbo wenyewe ulikuwa jibu kwa White Riot ya The Clash. Ukikiri kwa unyenyekevu wa dhihaka kwamba mwimbaji hajawahi hata kuona ghasia. Duka la Rough Trade, lililofunguliwa na Geoff Travis magharibi mwa London mwaka 1976 na ambalo lilikuwa kimbilio la santuri zote zilizokataliwa kwingineko, liliikataa mwanzoni kwa ubovu wake. Kukataliwa na kimbilio la waliokataliwa si jambo dogo. Mwandishi wa makala haya ameisikiliza mara nyingi na anakiri kwamba Rough Trade walikuwa na hoja.

FAST 4, iliyotoka mwaka huo huo, ni Being Boiled ya The Human League wa Sheffield, wimbo wa vinanda vya umeme uliorekodiwa kwa mtambo wa nyumbani na kwa gharama ndogo mno. FAST 5 yastahili tuikalie zaidi. Bendi ya Gang of Four, wanafunzi wa Leeds pia, ilimpelekea Last barua pamoja na picha iliyokatwa gazetini ya mwanamke apiganaye na fahali. Walieleza jinsi walivyotaka jalada la Damaged Goods liwe: picha hiyo itumiwe, na iwekewe maneno ambamo mpiganaji anajitetea kwamba hiyo ni kazi, watazamaji ndivyo watakavyo, na malipo ni mazuri, naye fahali anamjibu kwamba ipo siku mtu hana budi kubeba dhamana ya matendo yake. Last hakulitengeneza jalada hilo. Badala yake aliichapa barua yenyewe, pamoja na picha, upande wa nyuma wa jalada.

Ni dhahiri kwamba uamuzi huu ulikuwa wa kimatini kabisa. Maagizo yakageuka kuwa kazi yenyewe. Mnunuzi, ambaye kwa desturi hupewa kitu kilichokamilika, akajikuta anasoma mawasiliano ya watengenezaji juu ya kitu kisichotengenezwa kamwe. Na fahali wa barua ile hakunyamaza, kwa kuwa Gang of Four waliingia mkataba na EMI mwaka 1979, mwaka ambao The Human League walikwenda Virgin. Yuko anayeweza kuwalaumu. Sisi twaona tu kwamba mjadala wa kuuza na kuuzwa ulikuwa umekwisha kuchapwa, kwa maneno yao wenyewe, kabla ya mkataba.

Mwaka 1979 kampuni ilitoa pia mfululizo wa matoleo matatu yaliyoitwa Earcom, kama jarida lisomwalo kwa masikio. Toleo la pili lina nyimbo mbili za Joy Division, na kwa sababu hiyo hutafutwa na watu wasiojali lolote jingine la Fast Product. La tatu, ambalo ni jozi ya santuri ndogo, lina kundi la Stupid Babies: mvulana wa miaka 11 na mdogo wake. Mvulana huyo alikuja kujulikana kwa jina la Adamski, na wimbo wake Killer ulishika nafasi ya kwanza Uingereza mwaka 1990. Kufikia mwaka 1980 Last alikwisha kuiacha Fast Product na kuanzisha nembo nyingine, Pop Aural.

Basi yote yamekwisha kwa muda wa miaka mitatu hivi, na hapa ndipo mkusanyaji aingiapo. Yeye hutafuta toleo la kwanza. Being Boiled ilipotolewa tena Januari 1982, baada ya The Human League kupata umaarufu mkubwa, ilifika nafasi ya sita katika orodha ya Uingereza, na nakala zake zikajaa kila mahali. Kwa sikio, wimbo ni ule ule. Kwa mkusanyaji, nakala ya 1978 na ya 1982 ni mbingu na ardhi, naye yu tayari kulipa mara nyingi zaidi kwa ile ya kwanza. Huyo humtazama santuri kama mfua dhahabu atazamavyo pete: huikagua ukingo, hukagua alama zilizokwaruzwa karibu na kibandiko, kisha huitia katika bahasha ya plastiki na kuirudisha rafuni. Vitu vilivyofyatuliwa kwa makusudi ya kuwaonyesha watu jinsi ilivyo rahisi kuvifyatua vimekuwa adimu na ghali. Hilo ni jambo la kusikitisha, wala hatuoni sababu ya kulipamba.

Hata hivyo hatuwezi kumhukumu mkusanyaji kwa upesi. Sheria ya Uingereza humlazimu mchapishaji wa kitabu kupeleka nakala katika maktaba ya taifa, lakini haimlazimu mwenye kutoa santuri. Hivyo hapakuwa na ofisi yoyote iliyopaswa kuipokea barua ya Gang of Four, hesabu za Scritti Politti, au mfuko wa FAST 3. Kilichobaki kimebaki kwa sababu mtu binafsi alikiweka chini ya kitanda. John Peel wa BBC, mtangazaji aliyezicheza santuri hizi redioni kuliko mwingine yeyote, alipofariki mwaka 2004 aliacha sanduku la mbao lenye santuri ndogo 142, mbali na maelfu mengine nyumbani kwake. Mwaka 2015 filamu ya Big Gold Dream ilipoisimulia historia ya Fast Product, ushahidi wake ulitoka kwa waliohusika na kwa majalada yaliyotunzwa.

Kosa, kwa maoni yetu, haliko katika kutunza. Liko katika kutunza upande usiofaa. Ukiitunza Damaged Goods kwa mng'aro wa plastiki yake, umetunza kitu ambacho kiwanda kingeweza kukirudia wakati wowote. Ukiitunza kwa barua iliyo nyuma, ukaisoma, ukainakili, ukamwonyesha mwingine, umetunza Damaged Goods. Mfuko wa FAST 3 waonyesha jambo hili waziwazi zaidi. Anayeutaka ukiwa mzima kama siku ulipouzwa anataka lisilowezekana, kwani aliyetia ganda la chungwa mfukoni alijua fika kwamba litaoza, na mnunuzi naye alijua. Je, mkusanyaji alitupe vumbi hilo? Atie ganda jipya? Au aziache karatasi za fotokopi peke yake, zisomeke? Wengine watachagua vumbi. Sisi tungechagua karatasi, na kama nafasi ipo, vumbi pia.

Limebaki jambo moja. FAST 10, The Dignity of Labour ya The Human League, iliyotoka mwaka 1979, ina jalada lenye picha ya Yuri Gagarin akitembea, na ndani yake mliambatishwa santuri laini ya plastiki, ya zile zichakaazo kila zinapochezwa. Haina wimbo. Ina mazungumzo ya wanabendi pamoja na Last wakijadiliana jinsi jalada hilo litakavyokuwa na hiyo santuri laini itiwe nini. Mkusanyaji mwangalifu haichezi, asije akaiharibu; anayo rafuni kwake, safi kabisa, na mazungumzo hayo hajayasikia.