Hela ya mfadhili na pingu: tumefikaje hapa?

Wiki nzima hapa hosteli tunabishana: hivi mtu anaweza kuishia polisi kwa sababu kikundi chake kimepokea hela kutoka nje? Wengi wanasema hayo ni mambo ya India. Nikaamua kuchimba historia. Mimi ni mtu wa Makambako, kwa hiyo mifano itaelemea kwetu kidogo.

Ukiiacha barabara ya Tunduma pale Makambako ukashika ya Songea kuelekea Njombe, hela ya nje utaikuta kila kona. Wamisionari wa Berlin waliingia Ubena miaka ya 1890, wakajenga Kidugala. Baadaye sana Waitaliano wa CEFA wakasaidia umeme wa maji wa Matembwe na kiwanda cha maziwa cha Njombe. Halafu ukaja ukimwi. Utafiti wa mwaka 2011-12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wazima wa Njombe wana virusi, mkoa wa kwanza nchi nzima. Vikundi vya kulea yatima na kuhudumia wagonjwa majumbani vikaibuka kibao, vingi vikiishi kwa wafadhili. Sasa hapo hela ikikwama, kuna mtu anakosa nauli ya kufuata dawa.

Turudi kwenye sheria. Mwaka 1954 Waingereza walitunga Sheria ya Vyama, mwaka uleule TANU ilipozaliwa. Ikatumika kuyanyima usajili matawi ya TANU. Angalia mbinu: hawakugusa hela, waligusa karatasi. Uhuru ulikuja, sheria ikabaki.

Mwaka 2002 Bunge likapitisha Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24. Kuendesha NGO bila usajili, au kuchangisha fedha kinyume cha sheria hiyo, kukawa jinai: faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote pamoja. Oktoba 2018 zikaja kanuni mpya. Ukipata zaidi ya shilingi milioni 20, utangaze ndani ya siku 14. Mkataba na mfadhili uufikishe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10. Kwa shirika kubwa la Dar hiyo ni kazi ya karani. Kwa kikundi cha Makambako ambacho mhasibu wake ni mwalimu wa kujitolea, si mchezo.

Kanuni hizo hazikubaki kwenye makaratasi. Agosti 2020 akaunti za Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu (THRDC) zilizuiwa kwa amri ya polisi, hoja ikiwa mikataba ya wafadhili haikupelekwa Hazina. Mratibu wake, Onesmo Olengurumwa, akahojiwa polisi na kutoka kwa dhamana. Akaunti zilifunguliwa mwaka 2021. Hakuna hukumu iliyotolewa, lakini miezi yote hiyo kazi ililala.

Na kuna ndugu yake mkali zaidi: utakatishaji fedha, kosa lililokuwa halina dhamana. Tito Magoti wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na mwenzake Theodory Giyan walikamatwa tarehe 20 Desemba 2019. Kesi yao haikuhusu mkataba wa mfadhili, ila ilionyesha mlango huo unafungwaje. Walidaiwa kutakatisha shilingi milioni 17 na ushee. Wakatoka tarehe 5 Januari 2021 kwa makubaliano na DPP, wakitakiwa kulipa kiasi hichohicho. Zaidi ya mwaka ndani! Katikati hapo, Mei 2020, Mahakama Kuu ilisema kunyima dhamana namna hiyo ni kinyume cha Katiba. Agosti Mahakama ya Rufani ikatengua.

Ndiyo tofauti yetu na India. Wao walitunga sheria maalumu ya michango ya kigeni mwaka 1976, wakati wa hali ya hatari ya Indira Gandhi, wakaiandika upya 2010. Sisi hatujawahi kuikataza hela ya nje. Tumefanya karatasi iliyochelewa iweze kuwa suala la polisi, na maumivu yanafika kabla ya hakimu.

Msinielewe vibaya. NGO za mfukoni zipo, na mtu anayekula hela ya yatima afungwe tu. Serikali ina haki ya kujua hela imetoka wapi. Ila kuchelewesha mkataba na kuiba ni vitu viwili. La kwanza lingeishia kwenye onyo au faini, na akaunti ingefungwa mahakama ikishasikiliza pande zote.

Kwa sasa, kama una shangazi au mjomba anaendesha kikundi huko Ilembula au Njombe mjini, mwambie asilaze mkataba kabatini. Akamwone afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri mapema.

Haya, wa kitivo cha sheria uwanja ni wenu. Tukutane wiki ijayo, boom likitoka.